Ushahidi wa Mtani

"Hivi, Mama Kefa, hii mizabibu yako unailima au unaiombea?"

Swali hilo Optatus aliliuliza mwaka wa tisini na tatu, amesimama upande wake wa ua wa minyaa, bomba la dawa mgongoni na kofia ya marehemu mume wa huyo mama kichwani. Loisi, ambaye ndiye Mama Kefa mwenyewe, alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tatu, anachuma majani yaliyoshikwa na ukungu, moja moja, na kuyatia kwenye debe. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mtu akimtazama kwa mbali angeweza kuapa kwamba mjane yule anausomea mzabibu sala ya asubuhi, na asingekuwa amekosea sana.

"Nafanya vyote viwili," Loisi alijibu bila kuinua kichwa. "Na wewe yako unailima au unaiogesha?"

Optatus alicheka mpaka bomba likamtiririkia mgongoni, akaondoka mbio kwenda kuvua shati.

Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Optatus ni Mhehe. Alikuja kujenga bwawa la Mtera akiwa kijana wa nguvu, na maji yalipojaa, badala ya kurudi kwao Iringa akaja upande huu wa kwenda Mvumi, akapata shamba mpakani na Loisi na mumewe Marko. Loisi na Marko ni Wagogo. Na Mgogo na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana wakaona bora watukanane. Mtani anaweza kukusema mbele ya askofu. Anaweza kuingia kwako akabeba jogoo, na ukikasirika, aibu ni yako, si yake. Alichokichukua mtani hakidaiwi kwa ugomvi. Utakikomboa kwa upole, au utamwachia.

Ile kofia, kwa mfano. Siku ya kumzika Marko, mwaka wa themanini na tisa, Optatus alishuka kaburini na shati lake jeupe, akajilaza chali, akasema Mgogo huyu hapiti hapa mpaka wampe yeye kofia ya marehemu, maana huko aendako hakuna jua kama la Dodoma. Wazee wakambembeleza, akakataa. Wakampa kofia. Akatoka, akaivaa, akaanza kutembea katikati ya waombolezaji kwa mwendo ule ule wa Marko, bega la kushoto chini, mguu wa kulia ukichelewa kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyuma. Loisi alikuwa na siku mbili hajala wala chozi halijamtoka. Akajikuta anacheka ndani ya khanga, na kicheko kikafungua mlango, machozi yakapita hapo hapo. Hakuwahi kumwambia Optatus. Lakini tangu siku hiyo alijua mtu yule Mungu alimweka pale kwa kazi gani.

Tabu yake ilikuwa moja tu: hakujua kusema kwa namna nyingine. Mkewe, Anastazia, alikuwa akisema, "Mimi hata kuniposa aliniposa kwa utani. Nilijua ni kweli siku nilipoona mahari imefika."

Sasa, habari ya dawa. Zamani dawa ya zabibu ililetwa na ushirika kwa lori, kila mkulima akapewa fungu lake. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuuza chochote, na kweli wakauza chochote. Dawa ikahamia madukani, ikahamia mnadani, ikawekwa kwenye chupa za soda, na muuzaji ukimwuliza hii ni ya nini anakuuliza wewe una mdudu gani. Loisi aliishia darasa la nne, lakini darasa la nne linatosha kumjulisha mtu kwamba kitu kisicho na jina hakipakwi kwenye chakula. Akaacha. Akatumia majivu, samadi ya mbuzi, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa. Majani yenye ugonjwa akayachuma kwa mkono. Mwaka wa kwanza zabibu zilitoka ndogo kama kunde. Mwaka wa pili zikajaa. Mwaka wa tatu watoto wa shule wakawa wanapita shamba la Optatus lenye vichala vikubwa, wanakwenda kuiba kwa Loisi.

Tena kulikuwa na nyuki. Marko aliacha mzinga mmoja juu ya mgunga, karibu na ule ua wa minyaa. Mwaka wa tisini na mbili, siku moja ya upepo, nyuki wote walikufa. Loisi aliwakuta asubuhi wametapakaa chini. Alijua upepo ulitoka wapi na ulibeba nini. Akawazoa kwa ungo, akawafukia, akanyamaza. Mzinga ukakaa mtupu msimu mzima, kisha kundi jingine likaja lenyewe, na tangu hapo halijaondoka.

Lakini zabibu nzuri bila mnunuzi ni kama kengele ya kanisa lisilo na watu. Kiwanda cha mjini kilichokuwa kikichukua zabibu zote kilifunga milango. Misimu miwili zabibu zilioza watu wakitazama. Wenzake walizikamua wakatengeneza pombe, wakauza vilabuni. Loisi hakuweza. Yeye alikuwa mwanamke wa umoja wa akina mama, na divai aliijua kwa kugusa midomo tu, kwenye Meza ya Bwana. Zake alizianika juu ya mawe, akagawa.

Ndipo shemeji yake, Elieza, mdogo wa marehemu, akaitisha kikao cha ukoo baada ya Pasaka ya mwaka wa tisini na sita. Elieza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mahesabu ya haraka. Aliona mji wa Dodoma unajengwa kila upande, aliona udongo wa shamba la kaka yake ni mwekundu, unashikana vizuri, na aliona shemeji yake anachuma majani kwenye debe.

"Msimu huu wa Agosti ni wa mwisho," akasema. "Akipatikana mnunuzi wa kueleweka, shamba ni la shemeji mpaka Mungu amchukue. Asipopatikana, tunang'oa mizabibu, tunafyatua tofali."

Wazee wakaitikia. Loisi hakubisha. Aliuliza neno moja tu. "Hayo ya mnunuzi wa kueleweka, na kwamba shamba litakuwa langu, mmeyaandika?"

Wakatazamana. Wakayaandika. Loisi akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye kopo la majani ya chai, akaenda kupogoa.

Mungu hana haraka, ila hachelewi. Julai, bwana shamba alikuja na habari kwamba kuna nyumba ya watawa wanaokamua divai, wamepata watu ng'ambo wanaotaka divai ya zabibu zisizoguswa na dawa. Si kidogo, si mara moja moja: zisizoguswa kabisa, miaka mitatu mfululizo. Watamtuma mkaguzi. Akilikubali shamba, watachukua zabibu zote, msimu kwa msimu.

"Wazungu sasa wanatafuta umaskini wa Mama Kefa!" alisema Optatus aliposikia. "Sisi tulionunua dawa ndio tumepotea."

Mkaguzi alifika Jumanne ya pili ya Agosti, kwenye gari la watawa. Alikuwa msichana wa Tanga, Joha jina lake, amefunga ushungi, viatu vya mvua miguuni ingawa mvua Dodoma wakati huo hata kwenye ndoto haipo. Elieza naye alikuwa amefika na baiskeli yake, "kumsindikiza shemeji," akakaa kivulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye mjuzi wa divai?"

"Hapana, mama," Joha akacheka. "Mimi ni Mwislamu, sijawahi hata kuinusa. Mama je, yako huwa ina ladha gani?"

"Nani, mimi? Mwanangu, mimi nimeokoka."

Wakatazamana, mkulima wa divai asiyekunywa na mkaguzi wa divai asiyekunywa, wakaanza kucheka wote wawili, na kuanzia hapo walielewana.

Joha alifanya kazi yake vizuri. Aligeuza majani, alifukua udongo, alinusa debe la mwarobaini akakunja pua. Alisimama muda mrefu chini ya mgunga akisikiliza nyuki. Kisha akaenda mpakani, akachungulia upande wa pili wa minyaa, na uso ukabadilika.

"Mama, hii mizabibu ya jirani ipo hatua tatu tu kutoka kwenye ua. Yeye anapuliza dawa?"

"Anapuliza," Loisi alisema. Uongo hakuuweza.

"Sheria inataka hatua ishirini kati ya zabibu zako na dawa ya mtu mwingine. Dawa inaruka na upepo."

"Inaruka," Loisi alisema, akautazama mzinga.

"Basi lazima nipate neno la jirani mwenyewe. Anapulizia wapi, anaishia wapi, na kama wewe umewahi kutumia dawa. Mimi macho yangu yanaona leo. Miaka mitatu haionekani kwa macho. Una majirani wangapi?"

Loisi akahesabu. Kusini korongo. Magharibi barabara. Kaskazini kiwanja cha kanisa, ambacho hakina mtu. "Mmoja," akasema, na moyo ukamshuka polepole kama ndoo kisimani.

Optatus hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alipoona ushungi, faili na gari, alijua leo kuna mgeni, na mgeni kwa mtani ni kama ngoma kwa mchezaji. Alipita kwenye upenyo wa minyaa, kofia imekaa upande.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo chake cha kuvunjikavunjika. "Binti, umekuja kumkamata? Umechelewa sana."

"Mzee shikamoo. Nina maswali machache. Huyu mama umewahi kumwona akiweka dawa?"

"Dawa? Huyu?" Optatus akajishika kifua. "Huyu anaweka dawa hata kwenye uji! Anapuliza asubuhi, anapuliza jioni, na Jumapili wakati wa mahubiri anatoroka kuja kupuliza. Unafikiri haya meno yamemtoka kwa nini?"

Loisi akacheka. Asingeweza kutocheka, mazoea ni mazoea. Kisha akaona kalamu ya Joha inatembea.

"Na wewe, mzee, dawa yako unapulizia mpaka wapi?"

"Mimi? Mpaka kwenye sufuria yake. Akifunua mboga, nami nafungulia bomba. Namsaidia viungo."

Kalamu ikatembea tena. "Mwanangu," Loisi akasema, "huyu ni Mhehe. Ni mtani wangu."

"Nimeona, mama. Hata sisi kwetu watani tunao." Joha aliinua macho, na yalikuwa na huruma. "Lakini fomu inasema niandike maneno ya jirani kama alivyoyasema. Siwezi kuandika maneno yako wewe kwamba jirani alikuwa anacheka. Mzee, tafadhali, tuache mzaha. Kweli yako ni ipi?"

"Kweli yangu?" Optatus alisema. "Kweli yangu ni kwamba Mgogo hajawahi kulima. Haya mazabibu kayaomba mahali. Wagogo kwa kuomba!"

Kivulini, Elieza alikohoa. "Jirani kasema," alisema kwa upole. "Si mimi. Jirani."

Joha alifunga faili. Alisema atalala mjini, atapita tena kesho saa nne akielekea kwa watawa, na akipata neno la kunyooka ataliandika juu ya karatasi mpya. Asipolipata, atapeleka aliyo nayo. Gari likaondoka na vumbi lake. Elieza akapanda baiskeli na kusema kesho atakuja na kibao cha kufyatulia tofali, aujaribu udongo, kwa kuwa hakuna sababu ya kupoteza siku.

Loisi hakuwa na hasira, maana mtu hamkasirikii mtani. Alikuwa na hofu, na hofu haina mwiko. Mchana ule ule akajitupia khanga begani akaenda kwa Optatus, na kwa kuwa upenyo wa minyaa ulikuwa karibu, alipita katikati ya mizabibu ya mtani wake.

Alikuwa ameipita njia ile mara nyingi. Lakini kuna kupita na kuna kuangalia. Mistari ya mbali, karibu na nyumba, majani yake yalikuwa na madoa meupe ya dawa, vichala vikubwa, vinang'aa. Mistari ya huku mpakani ilikuwa hoi. Majani yamejikunja, zabibu zimepasuka, nyingine zimekauka zikingali mbichi. Hakuna doa hata moja jeupe. Kwa miaka Loisi alikuwa akimcheka kwa ajili ya mistari hiyo, anamwita mvivu, na Optatus akimjibu, "Bomba langu linaogopa wajane." Siku nyingine alisema bomba limeharibika. Loisi akahesabu mistari. Saba. Akasimama pale mpaka inzi wakaanza kumzoea.

Alimkuta Optatus barazani anapasua kuni, na Anastazia anachambua mchicha.

"Mtani," alisema, "nimekuja na ombi."

"Nilijua! Mama watoto, si nilikuambia? Mgogo haji bure."

"Kesho saa nne nipe neno moja la kweli."

"Neno la kweli ni zito, mtani. Wewe huna hata kitoroli."

"Optatus," alisema Anastazia.

"Mimi nafanya nini? Nimekaa kwangu!" Lakini shoka lilikuwa limesimama. Aliitazama ncha yake, akaifuta kwa kidole, akasema kwa sauti ndogo kidogo kuliko ile ya kawaida, "Wakiing'oa, nitamtania nani? Tofali?" Kisha kana kwamba ameona ameteleza, akainua shoka haraka. "Tofali angalau lina akili kuliko Mgogo!"

Loisi hakuuliza habari ya mistari saba. Kumwumbua mtu kwa wema wake mbele ya mkewe, na hasa Mhehe huyu, ingekuwa kama kumvua nguo sokoni. Akaaga. Anastazia alimsindikiza mpaka kwenye minyaa, akamwambia, "Dada, usimngoje aache. Hajui pa kuachia. Labda umpe pa kuachia wewe."

Neno hilo Loisi alikwenda nalo. Alichota nalo maji, akasali nalo.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, na upepo wa Agosti ulikuwa unasukuma majani makavu uani. Elieza alifika wa kwanza. Nyuma ya baiskeli, kwa mpira wa tairi, alikuwa amefunga kibao cha kufyatulia tofali, kipya, cha mninga, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa. Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kwanza ya mizabibu, kama mtu anayeweka alama. Joha akafika. Optatus akafika wa mwisho, amevaa koti lake la kanisani, na Loisi alipoona koti, akajua kwamba naye hakulala vizuri.

Joha alitoa karatasi mpya. "Mzee, leo nina maswali yale yale, na sitayarudia. Nikiondoka nimeondoka."

"Uliza, binti," Optatus alisema, akakohoa. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Kisha ulimi ukafuata njia yake ya siku zote, kama mbuzi anayerudi zizini. "Ila kwanza mwambie huyu Mgogo anipe kiti. Tangu nimefika ananitazama tu kama anataka kuniomba chumvi."

Elieza alicheka. Joha hakucheka. Alianza kufunika kalamu.

Loisi akainuka. Aliingia ndani, akatoka na kigoda cha Marko, cha miguu mitatu, ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mazishi. Akakifuta kwa pindo la khanga. Akakiweka mbele ya Optatus, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Karibu ukae."

Optatus akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine. Hapakuwa na mtu.

"Umeniitaje?"

"Kaka."

Miaka yote ile alikuwa mtani, Mhehe, mla mbwa, mwizi wa kofia. Kaka hakuwahi kuwa. Na kila mtu pale alijua maana yake, hata Joha wa Tanga: kaka hataniwi, wala kaka hamtanii dada yake. Mbele ya dada unasema lililopo. Loisi alikuwa ameufunga mlango mmoja na kumfungulia mwingine. Alijua anachokitoa. Alikuwa akitoa kicheko cha miaka yote, hajui kama kitarudi.

Optatus alivua kofia. Bila kofia alikuwa mzee mwenye upara na masikio makubwa, ambaye watu wachache walikuwa wamewahi kumwona. Akakaa. Kofia ikawa magotini, anaizungusha.

"Andika," alimwambia Joha.

"Naandika, mzee."

"Mwaka wa tisini na mbili nilipata dawa ya pamba mnadani, kwenye chupa ya Fanta. Nikapuliza siku ya upepo. Mke wangu alinikataza. Nikapuliza. Asubuhi yake nilikuwa pale kwenye minyaa, nimekuja kumtania huyu. Nikamwona anazoa nyuki kwa ungo. Nyuki wa Marko. Nikangoja anitukane. Angenitukana ningejua la kumjibu. Hakunitukana. Alinyamaza tu, anazoa."

Upepo ukageuza ukurasa wa faili. Joha akaushika.

"Tangu siku hiyo mistari yangu saba ya upande huu sijaipulizia kitu. Bomba halikuharibika. Nilikuwa nasema limeharibika."

"Mistari saba ni hatua ngapi, mzee?"

"Ishirini na nne. Kwa miguu yangu."

"Ulizipima?"

"Kila msimu. Upepo wa hapa naujua unapofika."

"Na mama mwenyewe? Amewahi kutumia dawa?"

Optatus akamtazama Loisi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Tangu mwaka wa tisini na tatu, hapana. Majivu, mwarobaini na magoti. Basi. Mimi niko ng'ambo ya ua kila siku, nimeona."

Joha aliandika mpaka mwisho, akamsomea, akampa kalamu. Optatus alitia sahihi taratibu, herufi moja moja, ulimi nje. Kisha Joha akatembea mwenyewe hatua zile upande wa pili, akakagua majani ya mistari saba, akarudi na kichala kimoja kilichokauka. Akakitazama kwa heshima ambayo kichala kama kile hakijapata kupewa.

"Watawa watakuja Jumatatu na kreti," alisema. "Zote watachukua, mama. Na msimu ujao. Na unaofuata."

"Lakini huyu jana si alisema mengine!" Elieza alisema.

"Jana alikuwa anaongea na mtani wake," Joha akajibu. "Leo ameongea na dada yake. Mimi naandika ya leo."

Loisi aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Aliikunjua karatasi ya ukoo juu ya faili la Joha, akaweka kidole penye maneno "mnunuzi wa kueleweka," kisha akakishusha mstari mmoja chini, penye maneno "mpaka Mungu amchukue." Elieza alisoma, ingawa aliyaandika mwenyewe. Akajikuna shingo.

"Sawa, shemeji. Neno ni neno." Lakini macho yake yalirudi kwenye baiskeli. "Ila ile kona ya korongoni, pale pasipo na mizabibu... Si ningefyatua tofali mbili tatu tu? Za kujaribu. Kibao chenyewe kipya."

Joha alikuwa anafunga faili. Loisi alikuwa anamtazama Optatus, ambaye bado amekaa pale kwenye kigoda, kichwa wazi, kimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Akajisemea moyoni: nimepata shamba, nimempoteza mtani. Bwana ametoa. Akajizuia asiimalizie aya hiyo.

Optatus akainuka. Akaivaa kofia, akaiweka upande. Akaenda mpaka kwenye baiskeli ya Elieza, akaufungua mpira wa tairi bila haraka, akakitoa kibao cha mninga, akakipima uzito kwa mkono, akakigonga mara mbili kwa kidole kusikia kinaliaje. Akakitia kwapani.

"We! We mzee!" Elieza aliruka. "Hicho changu!"

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye pia ni Mgogo. Akasimama katikati ya uwanja, mkono hewani, mdomo wazi, akimtazama shemeji yake amsaidie. Loisi alijifunika mdomo na pindo la khanga.

"Haya, kasirika, shemeji," alisema kwa upole. "Tukuone."

Optatus hakugeuka. Alielekea kwenye upenyo wa minyaa, bega la kushoto chini, mguu wa kulia ukichelewa kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyuma, akapita, akaenda zake.